Sogea Kidogo, Mama

Rahema alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari wa kuutibu: alipenda mawingu mabaya. Watu wa Meru mjini wakiona mbingu imekunja uso huanua nguo na kuita watoto ndani. Yeye aliwasha gari. Kwa miaka minane alikuwa akizifukuzia dhoruba, kutoka Runyenjes hadi Isiolo, akitaka kuona tornado, kile kimbunga kinachoshusha mkia kutoka winguni mpaka uguse ardhi. Si kisulisuli cha kurusha vumbi na makaratasi sokoni. Kitu chenyewe, kile alichokuwa akikifundisha katika somo la Jiografia bila kukiona hata siku moja. Dereva wake alikuwa mumewe Idrisi, muuza nyama, mtu mpole, ambaye kila waliporudi mikono mitupu alisema heri wangebaki wakauza matumbo.

Macho mawili hayakumtosha, basi akaunda kundi la WhatsApp. Wenye vibanda na waendesha bodaboda wa huku na huko wakawa wanamtumia picha za mawingu. Aliyejituma kuwapita wote alikuwa mamake mzazi, Bi Halimah, mwenye duka dogo Kianjai na miaka sabini na mmoja. Rahema alimnunulia simu na kumwonyesha pa kubonyeza. Ila picha za mama zilikuwa na kasoro moja: wingu lilitokea dogo kama punje ya njahi, yale maharage meusi.

"Mama, hapa uko mbali sana," Rahema alimwambia kila mara. "Sogea kidogo."

Na kweli, picha zilizofuata zikawa kubwa kidogo, Rahema akamsifu mbele ya kundi zima. Mama alifurahi wiki nzima.

Jumanne moja ya Novemba, saa tisa alasiri, mume na mke walikuwa Ruiri wakingojea wingu ambalo simu ilidai lingetokea upande wa Isiolo. Upande wa Isiolo kulikuwa na jua la kukausha mahindi. Idrisi alikuwa ameshaanza kunung'unika picha ya mama ilipoingia. Wingu jeusi lenye tumbo la kijani lilikuwa limeinamia mashamba ya Kianjai, na chini ya tumbo lile palining'inia kitu chembamba.

Rahema alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Baba Nasro, geuza gari. Ni mkia."

Picha ya pili iliingia wakiwa njiani. Mkia ulikuwa umenenepa. Katika picha ya tatu ulikuwa umefika ardhini, na vumbi limeuzunguka. Idrisi akaitupia jicho.

"Aki mama yako siku hizi anajua kuzoom."

Rahema akazitazama tena, moja moja. Kwenye picha ya kwanza, pembeni, ulionekana ukuta wa bluu wa duka la mama. Kwenye ya pili hapakuwa na duka. Palikuwa na tangi la maji la kanisa, nje kabisa ya soko. Kwenye ya tatu ilikuwepo miti ya miraa ya Muthomi, jirani ambaye shamba lake liko nusu kilomita kutoka dukani.

"Hajui kuzoom," alisema. "Sikumfundisha. Anatembea."

"Anatembea anaenda wapi?"

"Kwa hiyo kitu. Nilimwambia asogee."

Alipiga simu. Ililia mpaka ikakata. Mama hakupokea simu akiwa anapiga picha, aliogopa ingeharibika. Alipiga tena, akaambiwa mteja hapatikani. Picha ya nne ikaja ikiwa mraba wa ukungu, ikakataa kufunguka. Ya tano vivyo hivyo. Baada ya hapo, kimya.

Sasa aliogopa hasa. Kwa miaka minane alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe kimoja tu. Sasa alimwomba akiondoe, na alihofu kwamba dua ya kwanza ndiyo iliyotangulia kufika. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini haya hayakungoja hata kuzaliwa.

Idrisi, ambaye hakuwahi kuvuka kasi ya sitini, aliikanyaga Probox yao kama dereva wa gari la miraa. Mvua ya mawe ikaanza kugonga kioo. Bati zima lilipita juu ya barabara, likielea. Kisha kushoto kwao kukaja mngurumo kama wa posho mill nyingi zikisaga pamoja, na gari likasukumwa hadi ukingoni.

"Mama Nasro, angalia kushoto," Idrisi alisema. "Ndiyo hiyo."

Rahema hakugeuza shingo. Alikuwa akitafuta leso ya kijani ya mamake barabarani.

Duka walilikuta limesimama, mlango wazi, hakuna mtu. Walikimbia kwa miguu hadi shambani kwa Muthomi. Mngurumo ulikuwa umeshahamia vilimani. Mahindi yalikuwa yamelala chini yote, na paa la jiko la Muthomi halikuwepo. Rahema aliita mpaka sauti ikamkauka. Aliona ndara moja ya mamake kwenye tope, akashindwa kuiokota.

Muthomi akachomoza kutoka kwenye mtaro, damu ikimtiririka usoni.

"Yuko huku," alisema. "Nilimvuta na nguvu. Alikuwa anapigana na mimi, ati nimwachilie, hajamaliza."

Bi Halimah alikuwa amelala ndani ya mtaro, tope tupu, mkono wa kushoto umepinda pasipopinda mkono. Wa kulia ulikuwa umeikumbatia simu iliyopasuka kioo.

"Rahema," alisema kwa taabu. "Zimefika?"

"Zimefika, Mama."

"Ya mwisho umeiona? Hapo ndipo leso yangu ilichukuliwa."

Rahema hakuwa ameiona. Alitaka kusema samahani, alitaka kulia, akaogopa kwamba akianza hataweza kumbeba.

"Nimeiona. Ilitokea kubwa sana."

Mama akashusha pumzi, akatulia.

"Haya, alhamdulillahi," alisema. "Maana kila siku unaniambia niko mbali."

Rahema akapiga magoti matopeni na kuushika ule mkono mzima. Kati yao wawili, yeye ndiye aliyekuwa akitetemeka.