Mkono wa Kushoto

Haya nilielezwa na wifi wa Mama Pasi, Jumamosi moja kabla ya Kwaresima, tukikunja majoho ya kwaya. Aliyasema polepole, jicho lake mlangoni.

Mama Pasi alikuwa kitanda cha tatu, wodi ya wanawake, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko. Ndani ya bandeji mlikuwa na vidole viwili. Vitatu vilibaki kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, katika kiwanda kinachofua nguo za hospitali hiyo hiyo. Hata shuka alilolalia, alilinyoosha mwenyewe. Mashine ile ina roli mbili za moto zinazovuta shuka ndani, na mbele yake palikuwa na kinga, bomba la chuma. Mkono ukiligusa tu, mashine inasimama. Msimamizi aliling'oa. Linachelewesha kazi, alisema.

Msimamizi huyo ndiye Shemasi. Kanisani shemasi, kazini shemasi, jina alilopewa na mama yake watu walishalisahau. Alikuja na Biblia kwapani na machungwa manne.

"Pole sana, mama. Mungu ana makusudi yake."

"Na wewe ulikuwa na yako ulipong'oa lile bomba."

Shemasi alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa na bibi yake. Akavuta kiti.

"Mkaguzi wa kazi atakuja. Mwambie uliteleza. Sakafu ya kufulia ina maji, nani atashangaa? Na mimi Jumatatu namwingiza binti yako kazini. Nyumba yako haitalala njaa."

"Niandikie karatasi."

"Karatasi ni ya watu wasioaminiana, mama. Sisi tunashiriki meza moja. Mkristo akisema ndiyo, ni ndiyo."

Kiwandani ndivyo walivyoishi. Hakuna aliyetia saini popote. Unaweka mkono wa kulia juu ya Biblia, Shemasi anaushika, basi, umeajiriwa. Sasa wa kulia ulikuwa kwenye bandeji. Shemasi akaomba wa kushoto.

Mama Pasi alimtazama usoni kama mtu anayetazama shilingi asiyoiamini. Ahadi gani ya mkono wa kushoto?

"Sema tena," akamwambia. "Binti yangu. Jumatatu. Kazi ya kudumu, si kibarua."

Shemasi akarudia, neno kwa neno. Ndipo akampa mkono.

"Huyo ukishampa mkono, hesabu vidole," alisema wifi yake, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, Shemasi alipotoka, kisha akajiziba mdomo. Walicheka mpaka nesi akawageukia.

Aliruhusiwa Jumatano. Kesho yake mkaguzi alifika nyumbani. Mama Pasi alimwona dirishani akishuka kwenye gari la kiwanda. Mkaguzi alikaa ukingoni mwa kiti, kalamu tayari.

"Uliteleza, sivyo?"

Mama Pasi alikuwa bado hajafungua kinywa. Miaka thelathini ya kwaya, na hakuwahi kusema uongo mbele ya mtu wa serikali. Lakini neno alishalitoa.

"Niliteleza."

Akabonyeza dole gumba la kushoto kwenye karatasi. Kwa hiyo karatasi zilikuwepo, aliwaza.

Siku zilizobaki hakutulia. Ijumaa alimtuma wifi yake getini achungulie kama kuna msichana mwingine anayefundishwa kazi. Hakuna. Jumamosi akamtuma tena. Jumapili Shemasi alimsalimia kanisani kwa uchangamfu mno, naye akarudi nyumbani na moyo mzito: huyu atanigeuka.

Jumatatu alfajiri hodi ikabishwa mlangoni. Shemasi mwenyewe, amekuja kumchukua binti. Mama Pasi aliona aibu, akapiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu msamaha kwa kumdhania vibaya mtu wa neno.

Binti alirudi saa tisa alasiri, amevaa aproni ya mama yake, nywele zimelowa jasho.

"Wamekuweka wapi, mwanangu?"

"Pale pale kwako."

"Na kinga wamerudisha?"

"Kinga gani, mama?"

Mama Pasi alikuwa ameomba kila kitu, siku, kazi, kudumu, asiombe kile kipande cha bomba. Akajitanda kanga, akaenda kiwandani.

Shemasi alikuwa ofisini akimenya chungwa.

"Nitamwambia mkaguzi ukweli."

"Kwamba ulimdanganya? Dole gumba lako liko kule." Alimkatia kipande. "Mimi neno langu nimelitimiza, mama. Au uongo? Sasa ni nani kati yetu atakayevunja lake?"

Kipande cha chungwa kilibaki mezani.

Alipofika nyumbani binti alikuwa amejilaza mkekani, macho yanajifumba.

"Kesho huendi," mama alisema.

"Nimempa mkono, mama. Mwaka mzima siachi. Si wewe uliyenifundisha?" Akapiga miayo. Hakumaliza, usingizi ukamchukua na aproni yake, jua bado liko dirishani.

Mama Pasi akaketi karibu yake. Vidole vya binti vilikuwa vikicheza mkekani, vikisukuma mbele, vikisukuma, kama vinaingiza shuka. Akavishika vyote kumi chini ya kiganja chake cha kushoto, akavikandamiza vitulie. Havikutulia. Alikaa hivyo, mgongo ukutani, mpaka kichwa kikamwangukia kifuani, akalala. Na chini ya kiganja vile vidole viliendelea na kazi.