Tairi za Kumrudisha Mama Mkwe

Wiki tano nililala kwenye karakana yangu kituo cha Kawangware 46, juu ya magunia, katikati ya milango ya chuma niliyoichomelea kwa mikono yangu, huku kitanda changu cha nyumbani Mashimoni kikilaliwa na mama mkwe. Sisemi kwa uchungu. Nyumba yetu ni chumba kimoja, na kwetu Bunyala mwanamume halali chini ya paa moja na mama aliyemzaa mke wake. Hampeani mikono. Mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia kichakani na kujifanya anatafuta kuni. Mama alivunjika mguu, akaletwa Nairobi kupasuliwa, daktari akasema asisafiri mpaka mfupa ushike. Basi mimi nikahama. Hiyo ndiyo heshima, na heshima ina mbu wengi.

Siku daktari aliporuhusu arudi nyumbani, niliruka kwa furaha. Basi lisingemfaa, kwa kuwa plasta ilishika mguu wote ukanyooka kama ufagio. "Pikapu yangu ipo," nikasema. Mdomo wangu hutangulia, akili hufuata na mkongojo.

Akili ilipofika, ilinikumbusha ile barabara ya kwao. Lami inaishia sokoni, kisha ni kilomita saba za udongo mweusi, na ilikuwa Aprili, mvua hainyamazi. Mwaka uliopita nilikwama pale, nikamaliza safari kwa miguu, viatu mkononi. Wenye nyumba za kandokando walishahama kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo hata wa kusukuma gari hupati. Sasa nikikwama na mama asiyeweza kukanyaga chini, nani atambeba? Mke wangu Annet ni mwembamba, upepo ukivuma namshika mkono. Mgongo ni mmoja tu, na ni wangu.

Nikampigia simu Mzee Lazarus, ami yangu anayeyajua mambo ya ukoo.

"Gari si nyumba," akasema. "Annet akae katikati yenu, hakuna neno. Lakini kumbeba mama mkwe mgongoni? Wabwire, hilo hata maombi hayafiki."

Nikatoka nje kuzitazama tairi zangu. Zilikuwa zimeisha meno kabisa, laini kama sahani. Sikumwambia mtu, lakini niliogopa sana. Yule mama ametunza heshima yake miaka sabini, na mimi ndiye ningekwenda kuivunja kwenye tope.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Osewe, anayeuza tairi zilizotumika pale mtaa wa Raila.

"Niaje, Wabwire. Leo umekuja kununua ama kunipigia kelele?"

"Nataka tyre nne za matope. Zenye meno."

Akanitolea nne nyeusi tititi, meno marefu, na bei tamu hata nikaona aibu kuipunguza. Mkono ulikuwa tayari mfukoni aliponiuliza, hivi tu, kwa mazungumzo: "Na hii mvua yote, unaenda wapi?"

"Namrudisha mathe ya Annet kwao ushago. Mguu uko na plasta."

Osewe akaurudisha mkono uliokuwa ukingoja pesa. Yeye ni Mjaluo wa Siaya, na mambo ya ukwe huko kwao ni makali kuliko kwetu.

"Maro wako? Mama mkwe mwenyewe?" akauliza. "Ndani ya gari moja na wewe? Na mkikwama?"

"Ndio maana nataka meno!"

Akavuta tairi moja, akaiangusha chini, akanishika kidole na kukitia katikati ya meno. "Papasa huku chini."

Nikapapasa. Nyuzi. Ilikuwa tairi iliyokwisha zamani, ikachongwa meno mapya kwa kisu cha moto, kisha ikapakwa rangi.

"Osewe! Ulikuwa uniuzie hii?"

"Ungekuwa unabeba simiti, ningekuuzia," akasema, hata macho hakuinamisha. "Lakini maro? Aanguke kwa matope juu ya tyre yangu? Hiyo aibu itanifuata mpaka nizikwe. Ingia kwa gari, twende kwa Kagiri."

Nilikuwa na matusi kama matatu tayari kwenye ulimi. Nikayameza. Mtu aliyekataa pesa asubuhi na mapema, kabla hata ya chai, huwezi kumtukana.

Kagiri ana duka la tairi mpya Kawangware, na ni mtu wa kuuliza maswali. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa zile kubwa za ukutani, zenye meno ya kutisha. "Nipimie hizi."

"Pole pole. Kutoka hapa mpaka kwenu, lami ni kilomita ngapi?"

"Mia nne na kitu."

"Na matope?"

"Saba."

"Sasa unataka kuvaa gumboot kwenda harusi juu ya dimbwi moja?" Osewe akacheka mpaka akashika ukuta. Kagiri hakucheka. "Hizo ni za matope peke yake. Kwa lami zitanguruma safari nzima, zikule mafuta, na lami ikiwa na maji zinateleza. Utaepuka matope na uingie kwa lori. Chukua hizi za njia zote."

"Meno ni mafupi."

"Acha kuangalia urefu. Angalia nafasi katikati, matope yapate pa kutokea. Na shika hapa pembeni, ona vile meno yamepanda mpaka ubavuni. Ikizama kwa shimo, hapo ndipo inashika."

Nikapapasa, safari hii bila kuambiwa. Hakuna nyuzi. Akanionyesha zile tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mpira ulikuwa haujamaliza hata mwaka. Akahakikisha zinabeba uzito wa milango yangu, akakataa katakata kuniwekea saizi kubwa zaidi ya ile ya ringi zangu, ati zingesugua ndani nikikata kona.

"Na ukifika kwa matope, punguza upepo kidogo. Gia ya pili, mguu mwepesi. Usikanyage mafuta na hasira."

"Basi amekwisha," akasema Osewe. "Huyu hasira ndio petroli yake."

Kagiri akakuna kichwa. "Lakini mkikwama, si umbebe tu? Ni mama."

Mimi na Osewe tukatazamana. Tukamhurumia, maana kwao hawana mwiko huu. Bei ilinitoa jasho, nikalipa.

Ijumaa tuliondoka kukiwa bado giza. Mimi kwenye usukani, Annet katikati, mama dirishani, na leso imening'inizwa ili nisimwone. Tulikuwa watatu bega kwa bega, lugha yetu ni moja, lakini kila neno lilipitia kwa Annet.

"Annet, mwambie baba ya watoto apunguze mwendo."

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimepunguza."

"Anasema amepunguza."

Hivyo mpaka Kisumu. Kwenye lami gari lilitulia, hata mvua ilipotukuta kule juu milimani halikuyumba. Nikaanza kumpenda Kagiri.

Sokoni lami ikaisha. Nilishuka kwenye mvua, nikapunguza upepo tairi moja baada ya nyingine kwa kijiti, kama nilivyoambiwa, nikaingia kwenye ule udongo. Kilomita mbili, sawa. Ya tatu tukalipita lori limelala ubavu, dereva wake amekaa juu ya mlango anakula mahindi. Ya tano, penye bonde, nyuma ya gari ikaniacha. Tukaanza kwenda mbele tukitazama kando. Mguu wangu ulitaka kukanyaga mafuta mpaka chini, naujua mguu wangu. Jasho likanitoka. Nyuma ya leso nikasikia mama akiomba kwa sauti ndogo, haraka haraka. Nikaushikilia mguu kwa nguvu zote. Tairi zikazunguka bure mara moja, mara mbili, kisha ya nyuma kushoto ikakamata kitu huko chini, gari likatikisika, likajinyoosha, likapanda.

Kilomita mbili zilizobaki nilizimaliza kwa gia ile ile ya pili.

Uani kwao shemeji zangu walikuwa wakingoja na kiti. Nikashuka upesi, nikabaki upande wangu na kujifanya naangalia taa. Wakamkalisha mama kwenye kiti, wakamwinua waingie ndani.

"Subirini," akasema. "Nizungusheni nyuma."

Wakamzungusha. Akainama pale kitini, akafuta tope la juu kwa upindo wa leso yake, akaweka kiganja chote juu ya tairi ya nyuma kushoto. Mimi nilikuwa ng'ambo ya gari, nimempa mgongo; ya mkono Annet alinisimulia baadaye.

"Njia nzima nimemwambia Mungu kitu kimoja," akaiambia tairi. "Tukikwama, niache nitambae. Nitambae kwa tumbo mpaka kwangu, mkwe wangu asinibebe." Akakikandamiza kiganja. "Umenisitiri. Asante, mwanangu."

Kumbe sote wawili tulibeba hofu moja kutoka Nairobi, leso tu katikati yetu.

Annet alifungua mdomo anipitishie maneno, kisha akaufunga. Macho yake yalikuwa yamejaa. Mimi nikaiambia taa ya mbele, "Karibu nyumbani, mama."

Walipokwisha kumwingiza ndani nilizunguka nyuma. Alama ya kiganja ilikuwa bado pale kwenye tope. Shemeji mdogo akaja na ndoo ya maji kuosha gari, nikamwambia aoshe lote, lakini ile tairi aiache.