Waombolezaji Waliowahi

Waombolezaji walifika kwa Dominika asubuhi, yeye akiwa uani anapeta maharage. Wanawake walitangulia, kanga kiunoni na kuni kichwani. Wanaume walifuata na vigoda vyao, na mmoja wao alikuwa amebeba sufuria la shughuli, lile ambalo ugali wake husongwa na watu wawili. Walikuwa wageni pale kijijini, ila Kifipa chao kilikuwa safi, chenye ule mvuto wa watu wa bondeni kuelekea Muze. Walitua kuni kando ya ghala la mahindi, wakatandika mikeka, wakakaa, wakaanza kulia.

Walilia vizuri. Majirani waliochungulia walisema kilio kilichopangika namna ile hawajakisikia tangu azikwe katekista wa zamani, na yule alikuwa na ndugu wengi.

Dominika aliweka ungo chini, akajifuta mikono.

"Poleni," alisema. "Nani amefariki?"

Bibi mmoja, aliyeonekana ndiye kiongozi wao, aliacha kulia ili amjibu. Alisema jina lake ni Rozina.

"Bado, mwanangu."

"Bado?"

"Bado hajafariki. Tumewahi kidogo. Barabara siku hizi ni nzuri."

"Sasa atakuwa nani?"

"Hilo hatuambiwi. Tunaambiwa nyumba, halafu tunaambiwa gari."

"Gari gani?"

"La Felisian," alisema Bibi Rozina, akaendelea kulia kuanzia pale alipokuwa ameishia.

Dominika aliona jambo lenyewe linaeleweka. Akaingia jikoni kuongeza maji kwenye sufuria ya chai.

Kijiji chao kiko kandokando ya lami, kati ya Kaengesa na Mpui, mahali ambapo barabara imenyooka kama kamba ya fundi mwashi, halafu inakata kona ghafla kwenye mikaratusi. Felisian alikuwa kijana wa pale pale. Dominika ndiye aliyemsimamia ubatizo. Alimshika mikononi maji yakimwagwa, na mtoto hakulia hata kidogo, jambo ambalo siku ile watu waliliona ni baraka. Sasa alikuwa akiendesha Kosta ya abiria ya Bi Mwanamvua, mwenye duka la jumla mjini Sumbawanga, na bado hakuna kitu kilichomtisha. Alipita malori kwenye kona, simu sikioni, usukani akiugeuza kwa kiwiko. Alipenda watu na watu walimpenda. Mtu wa Mpui aliweza kuchelewa kuamka, akanywa uji wake kwa raha zake, na Felisian akamfikisha mjini kabla ya wale waliodamka.

Makosa yake yalijulikana. Alishagonga ng'ombe, alishaangusha ukuta wa kanisa la kigango, alishamvunja mguu Yohanes seremala. Kila mara mambo yalimalizwa nyumbani. Felisian alileta mbuzi, wazee wakakaa, mbuzi akachomwa, na kila aliyeguswa na jambo lile akala kipande. Aliyekula amelimeza. Haruhusiwi tena kulisema mbele ya mtu wa serikali, na hata akitaka hawezi, kwa sababu nyama ya suluhu haishuki hadi tumboni. Hubaki kooni, ikisikiliza mtu anasema nini.

Mbuzi wa mguu wa Yohanes aliliwa na kijiji kizima. Dominika alipewa figo, kwa heshima ya mama wa ubatizo, na ndiye aliyewaambia wazee, "Mtoto ni wetu huyu, tutamtupa wapi."

Basi chai ilipokwisha kunywewa, Dominika alimchukua Yohanes na gongo lake, wakaenda kituo kidogo cha polisi kumwona Koplo Shija. Shija alikuwa Msukuma mpole ambaye baridi ya Ufipa ilikuwa bado haijamzoea. Alivaa koti la mvua hata ndani ya ofisi.

"Afande, kuna mtu atagongwa nyumbani kwangu," alisema Dominika.

"Lini?"

"Sijui. Ila waombolezaji wameshafika."

"Wanakula?"

"Wanakula sana."

"Pole, mama," alisema Shija, na alimaanisha. "Msiba usio na marehemu siwezi kuufungulia jalada. Lakini huyo dereva wenu namjua. Kila nikimkamata mnakuja wenyewe kuniambia mmeelewana. Nipeni kosa lake moja tu la nyuma, mtu mmoja alisimamie, namtoa barabarani."

"Ndiyo nimekuletea Yohanes."

Yohanes aliegemeza gongo ukutani, akasafisha koo, akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mbuzi. Aliomba radhi, akameza mate, akajaribu tena. Safari hii alilia mee ndefu zaidi, yenye uchungu, akionyesha mguu wake kwa kidole. Shija aliweka kalamu chini.

"Na wewe, mama?"

Dominika alijaribu. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtoto wa mbuzi aliyefungiwa peke yake.

"Hivi hivi walilia wenye ng'ombe," alisema Shija bila hasira. "Na katibu wa kigango pia. Nitafutie mtu ambaye hakula."

Kesho yake Dominika alipanda gari la mtu mwingine hadi mjini. Bi Mwanamvua alimkaribisha kiti ndani ya duka, kati ya magunia ya sukari na madumu ya mafuta, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Unadhani silijui hilo, dada yangu?" alisema. "Nimemsema mpaka nimechoka. Nimemweka mwanangu Saad akae naye mbele, Saad akashuka njiani, akarudi kwa bodaboda, mweupe kama sanda. Lakini madereva wangu wengine gari linarudi na viti vitupu. La Felisian linarudi limejaa. Hao wanaolijaza ni nani? Si nyinyi?"

Bi Mwanamvua alimfungia sukari na majani ya chai kwa ajili ya waombolezaji, akampa pole ya mapema.

Nyumbani, wakati huo, ilikuwa imeshaamuliwa kwamba atakayekufa ni Oswaldi, mume wa Dominika. Hakuna aliyelitamka, lakini lilionekana. Oswaldi ndiye aliyekuwa akivuka lami kila siku na baiskeli yake, kupeleka mahindi mashineni, na kurudi kwake kulitegemea kama pombe ya ulezi ya siku hiyo imeiva au haijaiva. Wanawake wa msibani walimtazama kwa huruma, wakamtengea mnofu. Wanaume walimwachia kigoda kizuri karibu na moto. Oswaldi alikataa mwanzoni, kisha akaanza kuuzoea umarehemu. Alikuwa akiomba chumvi, analetewa.

Dominika aliifungia baiskeli stoo, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Huvuki barabara," alimwambia.

"Hata kwa miguu?"

"Hata kwa kubebwa."

Aliyeufanya ule msiba uwe mwepesi ni Christopha, binti yao. Alikuwa fundi cherehani, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, msichana ambaye akicheka hata ng'ombe wa jirani hugeuza shingo. Ndiye aliyewapikia waombolezaji, akawafulia, akawashonea vifungo vilivyodondoka. Na aliwatania.

"Bibi, mkilia hivi sasa, siku yenyewe si mtakuwa mmekauka?"

"Machozi tunayo, mwanangu," alijibu Bibi Rozina. "Sisi tunaishiwa kuni tu."

"Na mkikosea nyumba?"

"Hatujawahi."

Bibi Rozina alimpenda. Alimwita mjukuu, akamsuka nywele mistari midogomidogo, akilia taratibu juu ya kichwa chake huku vidole vinafanya kazi.

Ilikuwa wakati huo, Dominika akiwatazama pale mkekani, alipokumbuka kwamba Christopha hali mbuzi. Tangu utotoni nyama ya mbuzi humwasha mwili mzima. Siku ya suluhu ya Yohanes alikula ugali kwa mlenda, peke yake, nyuma ya nyumba. Na alikuwa ameona kila kitu, kwa sababu siku Yohanes anavunjwa mguu, Christopha alikuwa anatoka mazoezi ya kwaya, hatua chache nyuma yake.

"Christopha," alisema Dominika. "Hebu sema Felisian alimfanya nini Yohanes."

"Alimgonga akiwa pembeni kabisa ya barabara, nje ya lami," alisema Christopha. "Alikuwa anaipita Noah, anaongea na simu, anacheka. Hakupiga hata honi. Kwa nini, mama?"

Maneno yalitoka yamenyooka. Dominika alikaa chini. Alimpigia simu Shija, na Shija akasema huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta; aletwe Jumatatu, maana mwisho wa wiki yeye yuko kwenye ulinzi wa mnada wa ng'ombe. Jumatatu hiyo hiyo Felisian atakabidhi funguo. Dominika alipozima simu, kwa mara ya kwanza tangu wageni waje, alijisikia mikono yake imekuwa myepesi. Aliwaangalia waombolezaji, akafikiri kwamba huenda watu hawa wakafunga mikeka yao na kuondoka, na yeye atawafungia maharage ya njiani. Oswaldi naye atarudi kuwa mtu wa kawaida, asiyependwa sana.

Jumamosi unga uliisha.

Msiba haulazwi na njaa. Hilo Dominika alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, kwamba mtu akija kukulilia, hata awe nani, hata awe amekuja lini, unamlisha. Maji yalikuwa yanachemka kwenye lile sufuria la shughuli. Oswaldi aliinuka, akanyoosha mgongo, akasema anakwenda mashineni, maana kukaa kumemchosha.

"Wewe keti," alisema Dominika.

Kisha akageuka. "Christopha, mwanangu. Jitwike hilo debe uwahi kabla foleni haijawa ndefu. Na utazame barabara."

"Naitazama, mama. Nina macho mawili."

Alijitwika debe la mahindi, akatoka akiimba wimbo wa kesho yake kanisani, ile sehemu ya sauti ya kwanza.

Dominika alirudi jikoni. Alisukuma kuni ndani. Alikuwa anakata nyanya pale waombolezaji waliponyamaza.

Walinyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa. Dominika alisikia maji yanavyochemka. Alitoka uani na kisu mkononi. Wale wanawake walikuwa wamekaa wima, macho makavu, kazi yao imefika mahali pake. Bibi Rozina alijisogeza pembeni ya mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Dominika aliitazama ile nafasi. Kisha akakimbia barabarani, ingawa alijua hakuna haja ya kukimbia.

Mahindi yalikuwa yametapakaa lami nzima, mpaka kwenye mikaratusi. Kuku wa watu walikuwa wameshaanza kuja.

Felisian alikuja na miguu yake mwenyewe, bila viatu, analia machozi ya kweli. Alipiga magoti mbele ya Dominika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Dominika, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Lori lilimficha, mama. Nilikuwa nawahi."

"Ulikuwa unawahi wapi?"

Felisian alionekana anatafuta jibu kwa moyo wote. Hakulipata.

Mazishi yalikwenda vizuri, kwa kuwa kila kitu kilikuwa tayari. Kuni zilikuwepo, vigoda vilikuwepo, waombolezaji walishajua nyimbo. Bi Mwanamvua alikuja mwenyewe na mchele, akakaa chini na wanawake wengine, akalia mpaka mtandio ukalowa. Wazee walikaa. Mbuzi aliletwa, mkubwa kuliko wote waliotangulia, na wote waliokuwa barabarani siku ile walikula: wa mashine, wa foleni, dereva wa lori na utingo wake. Oswaldi alikula akilia, akaomba chumvi, akaletewa. Sahani ya Dominika ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Shija alimkamata Felisian, safari hii bila kungoja mtu. Kesi ilipotajwa mahakamani, Dominika alisimama akasema yote ya kifo cha binti yake, kwa Kiswahili kilichonyooka, na hakimu akamsikiliza kwa adabu. Kisha akamuuliza kama aliona. Dominika alisema alikuwa anakata nyanya. Wakaitwa walioona. Mmoja baada ya mwingine waliapa, wakafungua vinywa, na chumba kikajaa sauti za mbuzi mpaka karani akaenda kufunga madirisha. Kesi iliahirishwa ili upande wa mashtaka utafute mashahidi wengine. Felisian alirudi nyumbani kwa dhamana, leseni yake mfukoni.

Siku ya kuanua tanga, waombolezaji walifagia ua, wakasugua sufuria, wakakunja mikeka. Dominika aliwafungia maharage. Aliwasindikiza hadi barabarani, kama inavyotakiwa, akiwa ameshika mkono wa Bibi Rozina.

"Mnarudi Muze?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Tuna mahali hapo mbele."

"Karibu?"

"Siyo mbali."

Dominika alitaka kuuliza nyumba ya nani, lakini Kosta ilikuwa imeshatokea, na Bibi Rozina aliinyooshea mkono. Felisian alisimamisha. Alishuka yeye mwenyewe kuwapandishia kuni na lile sufuria juu ya keria, akavikaza kwa kamba. Aliwapa bibi wote viti vya mbele. Alipomwona Dominika aliinamisha kichwa, akavua kofia.

Akaondoka polepole, taa zimewashwa, kwa heshima ya msiba. Alikwenda hivyo hivyo, mwendo wa mtu anayetembea, mpaka kwenye mikaratusi. Gari lilipokwisha kukata kona, Dominika, akiwa bado amesimama pembeni ya lami, alimsikia anabadilisha gia.