Kipande Kisicho na Jirani

Fundi aliikata Ureno kwa kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye suruali ya mteja, akapuliza vumbi la chaki, akailaza juu ya goti.

"Haya, mama," akakiambia kile kitambaa, kama alivyozoea kumwita binti yake, "tulia hapo nikuone."

Chumba cha kushonea ndicho hicho hicho alicholala, pazia tu likitenganisha cherehani na kitanda. Meza ilikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa kimegeuka mahali pa kurundika nguo ambazo hazijatiwa vifungo. Ilikuwa miaka minne tangu mtu akikalie.

Aliyekuwa akikikalia ni huyo binti, mtoto wake wa pekee, aliyekwenda ng'ambo kutunza wazee. Alipiga simu kila Jumapili alasiri, mama akishatoka ibadani. Mzima? Mzima. Unakula? Nakula. Baridi je? Ipo. Haya basi. Mazungumzo yalikuwa yamechakaa kama kiwiko cha shati la kazi. Jumapili moja fundi akajipa moyo, akauliza, "Hivi huko Ureno ni wapi hasa?"

Binti akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mbali, mama. Hata nikikueleza, utapajua?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini alfajiri iliyofuata, fundi alipopiga magoti kumweka mwanawe mikononi mwa Mungu kama kawaida, maneno yalimkwama. Alikuwa akiomba kwa ajili ya mtu aliyesimama mahali ambapo yeye hakuweza hata kupakisia. Mungu anapajua, alijiambia. Ndiyo, Mungu anapajua. Na mimi mama yake je?

Wiki ile ile akajiandikisha masomo ya jioni. Alitaka jambo moja tu: siku moja binti akianza kusema "hata nikikueleza," amkatize na kumwambia, nieleze, napajua.

Mwalimu wao alikuwa msichana wa rika la binti yake, na jiografia aliifundisha kwa mchezo. Alileta ramani za mbao zilizokatwa nchi nchi, akawagawa wanafunzi makundi mawili, akatazama saa yake. Kundi litakalochelewa kupanga lifagie darasa. Wiki za kwanza fundi alishika ufagio mpaka akaonekana ameajiriwa. Nchi alizipanga kichwa chini miguu juu, na mlinzi wa ghala aliyekaa dawati la nyuma, ambaye wote walimwita Chelewa kwa kuwa hakuwahi kufika kwa wakati, alimwambia, "Fundi, hapo umewahamisha watu bila hata kuwapa notisi!"

"Wewe fika mapema kwanza, ndipo uhesabu waliohamishwa," fundi alimjibu, na darasa likacheka.

Kisha jicho lake la kukata nguo likaamka. Italia ilikuwa buti, hilo hata Chelewa aliliona. Lakini Norwei aliiona kama mkono wa koti uliokunjwa, na Ureno ikawa mfuko wa pembeni ulioshonewa kwenye Uhispania. Moyo wake ulitulia aliposhika kipande kile cha mbao mara ya kwanza. Mfuko. Mwanangu yumo mfukoni.

"Usihangaike kuuliza nchi iko wapi," mwalimu alipenda kusema. "Uliza imepakana na nani. Kila kipande kitambue kwa majirani zake."

Fundi aliandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari.

Ndipo mwalimu akatoa kazi ya nyumbani: kila mtu atengeneze mchezo wake wa bara moja, wenzake waje waupange. Wengine walichukua makatoni. Fundi aliomba Ulaya, na kwa kuwa vitambaa ndivyo alivyokuwa navyo, akachukua vitambaa. Aliweka karatasi ya ramani juu ya meza, akachora kwa chaki, akakata nchi moja baada ya nyingine kwa siku sita, katikati ya sare za shule na marinda ya watu. Siku ya mwisho alizikagua kwa kanuni ya mwalimu, kila moja na majirani zake. Kilibaki kitambaa kidogo cha kijivu, chenye kingo zilizochanikachanika, kisichogusana na chochote. Hakukumbuka kukichora. Mabaki haya, aliwaza, akakitupa kwenye mfuko wa makapi ya vitambaa.

Jioni ya mashindano darasa zima lilizunguka meza. Chelewa alifika mapema siku hiyo, na kwa fahari alikaa mbele. Wakaanza kupanga. Ufaransa ikaipanda Ubelgiji mgongoni. Ujerumani ikasukuma Polandi, Polandi ikasukuma jirani yake, na Ureno ikabaki inaning'inia ukingoni mwa meza.

"Fundi," Chelewa akasema, mikono kiunoni, "dunia yako imeumuka! Umeitia hamira?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Mwalimu akachukua Uhispania, akailinganisha na ile ya mbao. Ilikuwa imezidi upana wa kidole, pande zote.

Fundi akaitazama, joto likampanda usoni. Miaka thelathini mkono wake haujawahi kukata kitambaa bila kuacha nafasi ya mshono. Kila nchi aliiongezea ya kwake, bila hata kufikiri.

"Hii si dunia ya kulaza mezani," akasema polepole, akizikusanya nchi zake. "Ni ya kushona."

"Basi kaishone," mwalimu akamwambia, wala hakucheka. "Kisha utuletee."

Akaishona. Mchana aliwashonea wateja, na kila alipopata nafasi aliunganisha mpaka na mpaka. Ile ziada ya kidole ikaingia ndani ya mshono, na nchi zikakaa sawasawa, bega kwa bega. Ureno akaishona mwisho, kwa mkono, mishono midogo midogo, akiomba kila sindano ilipopita: mlinde mguu wake, mlinde mgongo wake anapowainua wale wazee. Kisha bara zima akaliweka juu ya shuka kuukuu la buluu, liwe bahari, akalipigia mshono kuzunguka.

Jumapili simu ilipolia, alikuwa amelikunjua mezani.

"Mzima, mama?"

"Mzima. Sikiliza, mama. Nimesoma. Ureno ni kama mfuko wa pembeni. Kulia kwako ni Uhispania, kushoto bahari tupu. Nimekosea?"

Fundi akaibana simu sikioni. "Haloo?"

"Hujakosea," binti akasema. "Ila... sipo huko. Niliondoka miezi mitano iliyopita. Mkataba uliisha, nikapata kazi kwingine."

Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya kitambaa cha kahawia. "Miezi mitano. Na hukuniambia."

"Niliona, mama, kwako si yote ni mbali tu? Nikasema kwa nini nikutie wasiwasi." Sauti ikashuka. "Sikujua unanitafuta."

Miezi mitano, alfajiri zote, sindano zote, alikuwa akimwombea mahali ambapo hayupo. Kisha fundi akasema lile alilolisomea:

"Nieleze. Umepakana na nani?"

"Sijapakana na yeyote. Ni kisiwa. Aisilandi. Kiko peke yake juu huko, mama, kila upande maji. Hata mimi naishi hivyo hivyo."

Fundi aliweka simu mezani ikiwa wazi, akapiga magoti, akamwaga mfuko wote wa makapi sakafuni. Akapekua sare za shule, akapekua bitana.

"Mama? Unafanya nini?"

"Ngoja. Usikate." Akakipata chini kabisa, kijivu, kingo zilizochanikachanika. "Upande wa kushoto kina kama vidole vinavyochomoza?"

Binti akakawia, kama mtu aliyekwenda kutazama. "Ndiyo," akasema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto wa kiti cha pili. "Ndiyo, mama. Vipo. Mimi niko chini kidogo ya vidole."

Hawakuongea mengi baada ya hapo. Zamu yake ilikuwa inaanza. Simu ilipozimika, kiti kilibaki na nguo zake.

Fundi alilivuta shuka kutoka mezani hadi sakafuni, akatafuta mahali pake, mbali juu, akapima kwa utepe mara mbili. Hapakuwa na jirani wa kukiunganisha naye. Akaikunja ile ziada ya kidole ndani, pande zote, kama anayetia pindo, akakishikiza juu ya buluu kwa pini nne. Hakuwa ameinuka sakafuni, magoti yalikuwa tayari yamepigwa. Akaweka kiganja juu ya kile kitambaa, kikafunikwa chote.

"Bwana," akasema, "ni huyu. Yuko hapa."

Kisha akatunga uzi sindanoni.