Sehemu ya Baltazar

Verdiana alimzika mwanawe Dionis Desemba ile tope liliposhuka kutoka mlima Hanang na kuzoa nyumba Gendabi. Mtoto alikuwa darasa la pili. Miaka miwili baadaye kigango chao cha kanisa kikaamua kutoa kijitabu cha kuwakumbuka marehemu, na katekista Evarist akamwomba aandike, kwa kuwa alikuwa mwalimu na alikuwa mfiwa.

Aliandika jioni, baada ya kuosha vyombo. Aliandika mngurumo alioudhani wa lori. Aliandika jinsi alivyomshika Dionis mkono, tope likawapiga, mkono ukaponyoka. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Aliliandika lilivyo.

Kisha akamwandika mumewe, Baltazar, ambaye asubuhi ile alikuwa shambani. Alivyomkuta mtoto kwenye uzio wa jirani, amekwisha kufa, akamwosha uso, akambeba mgongoni hadi barabarani, huku akimuuliza hesabu za kujumlisha kama walivyozoea wakienda shule. Verdiana alikuwa nyuma yao, akisikia.

Aliona si vizuri kuichapisha sehemu hiyo bila kumsomea mwenyewe. Baltazar alikuwa akipukuchua mahindi. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imesimama.

"Mama Dionis," akasema, "yako yaandike yote. Hayo yalikuwa kati yangu na mtoto."

Verdiana alikasirika. Kwani yeye hakuwa mama? Alilala na hasira hiyo. Asubuhi alipomwona mumewe akiwatoa ng'ombe, kichwa chini, akarudi ndani akaifuta sehemu ile. Mahali pake akaandika: Baba yake ndiye aliyempata. Yaliyofuata ni ya kwake.

Katekista Evarist, aliyekwisha kutumiwa rasimu ya kwanza kwenye simu, alisikitika. Alisema pale ndipo watu wangelia, tena ni kweli tupu.

"Ni kweli, katekista," Verdiana akamjibu. "Ila si yangu kuitoa hadharani."

Siku ya misa ya kumbukumbu vijitabu viligawiwa. Baltazar alisoma chake nje ya kanisa, polepole, amesimama. Verdiana alijua amefika wapi aliposhusha karatasi.

"Ulikuwa umemshika," Baltazar akasema.

"Nilimshika."

"Mbona hukuniambia?"

"Kinywa kilikataa. Nikaona afadhali niandike."

Watu walikuwa wakipita, wakiwapa mkono wa pole. Baltazar akawaitikia mmoja mmoja. Walipoisha, alikunja kijitabu, akakitia mfuko wa koti, wakashika njia ya nyumbani. Hakumlaumu, wala hakumwambia kwamba hamlaumu. Penye makorongo yaliyochimbwa na tope alitangulia, akamngoja ng'ambo avuke.