Kopo la Vumbi

Katika karakana ile ya kushonea maparachuti, sindano ikivunjika hakuna anayetoka. Cherehani zote kumi na mbili huzimwa, mlango hufungwa, na vipande vya sindano hutafutwa mpaka vipatikane vyote. Vikishapatikana hubandikwa kwenye kadi kwa selotepu, mshonaji akatia sahihi, ndipo akapewa sindano mpya. Ncha moja iliyosahaulika ndani ya mkunjo inatosha kukichana kitambaa kizima siku kitakapojaa upepo. Na hakuna anayetoka kwa sababu ncha inaweza kutoka naye. Sheria hiyo ilikuwa haina mkubwa wala mdogo. Kuna bibi harusi aliyechelewa harusi yake mwenyewe kwa ajili hiyo, na kuna mwingine aliyejikojolea, akabadilisha nguo pale pale nyuma ya pazia, akarudi kutafuta.

Aliyeisimamia sheria alikuwa mkuu wa washonaji, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, mtu asiye na mchezo hata chembe. Siku hizi wanamwita Mama Sindano. Zamani hizo aliitwa Mama Maswali, kwa sababu ya bintiye wa miaka sita, mtoto ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Mwaka huo walikuwa wanashona parachuti la kopo. Kwenye makaratasi kitu hicho kilikuwa na jina refu lenye tarakimu, lakini wao walikiita kopo tu. Chombo kingerushwa angani, kisafiri miaka mitatu hadi kwenye jiwe moja linalozunguka jua huko mbali, kikwangue vumbi kidogo na kulitia koponi, kisha kisafiri miaka mitatu mingine kurudi na kuliachia kopo lishuke nyumbani kwa parachuti. Miaka sita barabarani kwa vumbi la kujaza kijiko. Washonaji walicheka kidogo. Mkurugenzi wa mradi akaja mwenyewe, akaegemea meza ya kukatia, akawaeleza kwamba jiwe lile ni la kale kuliko dunia, na kwamba huenda vumbi lake lina habari ya maji haya tunayokunywa yalitoka wapi, na sisi wenyewe tulianzaje. Kati ya viumbe vyote, alisema, ni mwanadamu peke yake anayeuliza alikotoka. Maneno hayo yalimwingia mkuu wa washonaji. Yeye alikuwa na mwanadamu wa aina hiyo nyumbani, tena anaanza kuuliza kabla hajanawa uso.

Mwanadamu huyo alipoelezwa habari za jiwe, alifikiri kidogo tu.

"Vumbi? Si lipo hapa?"

Akaingia uvunguni mwa kitanda na kiberiti kitupu, akatoka nacho kimejaa, nywele zote utandabui. Akamkabidhi mama yake awapelekee watu wa kazini, wasijisumbue. Baba yake, ambaye ni fundi majokofu, alicheka mpaka akakaa chini. Mama alikichukua kweli, ili siku moja amwonyeshe Mkurugenzi, lakini ndani ya karakana vumbi haliruhusiwi, kwa hiyo kiberiti kikakaa kwenye kabati lake katika chumba cha kubadilishia nguo.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Sindano iliyovunjika ilikuwa ya kwake mwenyewe. Alikuwa anapitisha mshono wa mwisho wa ukingo, mahali kitambaa kimekunjwa mara nne, sindano ikalia, ncha ikaruka. Akainua mkono kama walivyofundishwa. Cherehani zikazimwa. Wakapiga magoti na tochi na sumaku, wakabandika selotepu sakafuni na kuibandua, wakachana nywele kwa kitana, wakakaguana nguo wawili wawili. Aliyemkagua yeye alikuwa mshonaji mdogo kuliko wote kwa cheo, na alimpitishia sumaku kwa haya, haraka haraka, kama mtu anayempangusa mama mkwe. Mikono ya koti hakuigusa. Mkubwa hakunjuliwi mikono ya nguo.

Hawajamaliza hata safu ya kwanza, simu ya ukutani ikalia. Mlinzi wa getini alimwambia Mama Maswali kwamba mama mkwe wake yuko kwenye laini. Mtoto amebanwa kifua na pampu yake ya pumu haionekani. Mama Maswali alijua ilipo. Jumapili walitoka kutembea, akaitia kwenye mkoba wake, akasahau kuitoa. Mkoba ulikuwa kabatini, nje ya ule mlango, hatua ishirini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake, nao haukuruhusiwa kutoka. Akamwambia bibi wa mtoto amkalishe wima, afungue madirisha, amfukize kwa maji ya moto, yeye anakuja sasa hivi. Kifua kile kilikuwa kimekwisha kubana mara nyingi na kuachia chenyewe. Aliikadiria kazi iliyobaki kuwa ya robo saa.

"Dada, nenda," alisema mshonaji wa cherehani ya jirani. "Sisi tutatafuta."

"Nikitoka mimi, kesho nitamzuia nani?"

Walitafuta saa moja na dakika arubaini na tano. Simu ililia tena, bibi akasema mtoto anapumua kwa kukoroma. Ikalia mara ya tatu, na safari hii mlinzi alisema tu kwamba wameshaondoka kwenda hospitali. Mwishowe mhandisi wa zamu akakata shauri kwamba kipande chote kifumuliwe na kutupwa, mlango ukafunguliwa. Mama Maswali alikimbia na pampu mkononi, koti la kazi bado mwilini. Alipofika wodini mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka. Mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa moja, na ilikuwa na mtu mwingine.

Alipolivua koti nyumbani, ndani ya mkunjo wa mkono wa kulia kitu kilimchoma kidole. Ilikuwa ile ncha.

Yaliyofuata watu wakisimuliwa hudhani mwanamke anasingiziwa, na hasingiziwi. Siku aliyorudi kazini baada ya msiba alikuja na ncha imefungwa kwenye karatasi, akaibandika kwenye kadi, akaandika tarehe, akatia sahihi. Karakana nzima iliinama ikijifanya inapanga nyuzi. Tangu siku hiyo jina la Mama Maswali halikutamkika tena, wakaanza kumwita Mama Sindano, kwanza kwa siri, kisha waziwazi.

Matangani majirani walisema yao, kwamba watu wanarusha mavyuma angani na hospitali ina mashine moja. Mumewe hakuchangia. Usiku wa tatu ndipo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Hilo kopo linakwenda kuleta nini? Hebu niambie tena."

"Vumbi," mkewe akasema.

Akatikisa kichwa, na hakuuliza tena. Hakumpiga, hakumfukuza, wala hakuondoka. Pengine angeondoka ingekuwa nafuu. Alikwenda kutengeneza majokofu ya watu, akarudi, akala, akalala upande wake wa kitanda. Zamani alimwita Mama Maswali kama wengine. Sasa alimwita "wewe."

Chombo kilirushwa mwaka uliofuata, na Mama Sindano akaanza kuhesabu. Hakuwa mjinga. Alijua hakuna vumbi la kumrudisha mtoto. Lakini alijifunga kwenye wazo moja asiloweza kulitamka hadi mwisho: kwamba kopo likifunguka salama, vumbi likifika, wenye elimu wakaona humo maji yalitoka wapi na sisi tulianzaje, basi ile asubuhi itakuwa imenunua kitu. Kitu kikubwa, cha watu wote. Angeweza kumtazama mumewe akamwambia, ni hiki hapa. Wazo hilo lilimlisha miaka sita. Alikula kwa sababu yake, akaamka kwa sababu yake, akakonda nalo.

Siku kopo liliporudi wafanyakazi wote walikusanywa ukumbini mbele ya skrini kubwa. Ilikuwa asubuhi nyeupe isiyo na wingu. Nukta ya moto ilionekana juu, ikapoa, ikawa nukta nyeusi, na sauti ikawa inahesabu sekunde za kufunguka kwa parachuti. Hesabu ikafika sifuri. Sauti ikanyamaza. Nukta iliendelea kushuka vile vile, ikijizungusha, mpaka likaonekana wingu dogo la udongo kwenye shamba kavu. Kisha kichwa kimoja kiligeuka kuwatazama washonaji, na vingine vikafuata.

Siku tatu Mama Sindano alikaa nyumbani kwa amri ya tume ya uchunguzi, akingoja kumwaga unga. Mumewe alijua, maana habari ilikuwa kila mahali, lakini aliondoka kila asubuhi na kisanduku chake cha vifaa. Siku ya nne aliitwa. Mabaki yalikuwa kwenye meza ile ile ya kukatia, na waungwana watano wa tume walikuwa wameizunguka, Mkurugenzi miongoni mwao. Walimtaka akague kazi yake mbele yao.

Mfuko wa nje ulikuwa umepasuka kwa kishindo. Ndani yake parachuti lilikuwa limekunjwa bado. Alilitambua kila pindo, na fundo lake la mara mbili lilikuwa pale pale alipolifunga, limekaza. Lilikwenda mbali kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa na lilirudi bila kufunguliwa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko kilichokuwa kimejikunja, taratibu, kama alivyozoea kupapasa kitambaa. Kidole kikakwama.

Ilikuwa pini ya chuma, ndefu kama kidole chenyewe. Hiyo huchomekwa kukibana kifuniko kisifunguke njiani wakati kopo linapobebwa kwenye gari, na asubuhi ya mwisho kabla ya kuruka huchomolewa. Kila pini ina utepe mwekundu ili isisahaulike. Utepe wa pini hii ulikatika, ukabaki mkononi mwa mtu, pini ikabaki ndani. Karatasi za asubuhi ile zilipoletwa zilionyesha kazi ilivyofanyika: waliokuwa huko juu ya mnara wa kurushia walihesabu tepe, hawakuhesabu pini. Tepe sita kwenye sinia, alama sita kwenye fomu. Hakuna aliyefunga mlango, na hakuna aliyepiga magoti.

Mama Sindano aliishika pini ile mkononi na hasira ikampanda kutoka miguuni. Chini huku walikuwa wamefungiana kwa ajili ya ncha isiyozidi mbegu ya ufuta. Alitaka kumrushia mtu usoni, na hakukuwa na wa kumrushia. Mkurugenzi alikuwa na macho mekundu na alionekana kuzeeka tangu wiki iliyopita.

Akampa mkono mbele ya tume. Alimwambia mishono yake haina hata doa, kwamba amesafika. Washonaji waliokuwa wakichungulia mlangoni walishusha pumzi, mmoja akalia kwa furaha. Mama Sindano alisimama tu. Laiti ingekuwa mshono wake. Angejua angalau kitambaa kilionja upepo.

"Na vumbi?" aliuliza.

Kopo lilipasuka, alisema Mkurugenzi, vumbi likamwagika shambani. Kuna vijana kule wamepiga magoti na brashi na chekeche tangu siku ile. Wamekusanya ndoo kadhaa, ila halitenganishiki tena na udongo. Kisha, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusema maneno ya namna hiyo, akasema hata kushindwa kunafundisha, na kwamba wataomba kurusha jingine miaka kumi ijayo, nalo litahitaji parachuti, naye hana mshonaji mwingine anayemwamini. Mama Sindano akavaa miwani, akajaza fomu. Mahali palipoandikwa kasoro aliandika hakuna. Akatia sahihi, maana ndivyo inavyofanywa.

Alimkuta mumewe sebuleni, kompresa ya jokofu la mtu iko juu ya gazeti mezani, bisibisi mkononi. Jua lilikuwa bado halijazama. Akakaa upande wa pili wa meza bila kuvua viatu, akamweleza yote kwa mpango, mfuko, fundo, pini, tepe sita. Mumewe alisikiliza huku akifungua skrubu na kuzipanga moja moja kwenye kifuniko cha chupa.

"Na vumbi lenyewe walilipata?"

"Limemwagika. Limechanganyika na la hapa. Hawajui lipi ni lipi."

Mumewe aliacha mikono mezani. Kwa muda alikuwa kama anakaribia kucheka, kile kicheko chake cha zamani cha kukaa chini, lakini uso haukufika huko.

"Alituambia lipo hapa," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mtoto katika miaka saba. Mama Sindano alitaka kuinuka, azunguke meza, amguse bega. Badala yake alikaa akitazama skrubu, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba mwanamume huyu naye alikuwa akingoja. Miaka yote hiyo, kimya chote hicho, naye alikuwa anangoja kopo lifunguke.

"Kile kiberiti chake," mumewe akasema, "unacho bado?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kwenda uvunguni mwa kitanda na kiberiti kingine, vumbi lilikuwepo la kutosha, na nani angejua lipi ni lipi.

"Walikitupa," akasema. "Wiki ile kabla ya kurusha walisafisha makabati yote. Kule vumbi haliruhusiwi."

Mumewe akatikisa kichwa polepole, kama siku ile ya matanga. Akaokota bisibisi, akairudia kompresa, kwa kuwa mwenye jokofu alikuwa ameahidiwa kesho asubuhi.