Mbung'o Hawamtaki Ndassa

...wala si kwamba leo wamepungua, maana kwangu wanakuja, huyu hapa kwenye ugoko, Telesfori kamdaka kwa wavu kabla hajadunga, na mwingine anazunguka goti, wanakuja kama kawaida yao, bila hodi, bila haya, ila kwa Ndassa hawaendi, tangu tumekaa hapa hakuna hata mmoja aliyetua begani kwake, wanapita juu yake kama wanavyopita juu ya kisiki... nisigeuze shingo, Bwana Halfani hataki mtu ageuze shingo, chambo hatikisiki, chambo haongei, chambo hajikuni, ndiyo kazi yenyewe, kukaa juu ya kigoda katikati ya pori la Biharamulo umefunua miguu mpaka magotini, mwanamke mzima mwenye mtoto na mama mkwe, wadudu wakujie ili serikali ijue wanapenda nini, lakini kwa pembe ya jicho namwona, yuko palepale upande wa kulia, kigoda chake, kaptula yake, shati lake la kaki la kituo lenye kifungo kimoja cheupe nilichokishona mimi, kofia imeshuka usoni, mikono juu ya mapaja, ametulia kuliko mimi... si yeye, Petronila, acha upumbavu, ni majani makavu, mlimjaza wenyewe wewe na Telesfori mkicheka, Telesfori akisema shemeji mpunguze bwana, Ndassa hakuwa na kitambi hiki, nami nikasema mwache anenepe, huko vitani nani atamlisha...

tulicheka, ndiyo, siku ya kwanza ilikuwa kichekesho, Bwana Halfani alitaka kujua mbung'o anamfuata mtu kwa umbo lake au kwa harufu yake, basi, utafiti wote ni huo, chambo mmoja mwenye uhai na mmoja wa majani, wakae jirani, wavae rangi moja, tuone wadudu watachagua nani, na sare iliyokuwepo ni ile aliyoiacha Ndassa alipochukuliwa na mgambo kwenda Uganda kupigana na Nduli, na kazi yake ya kuwa chambo nikapewa mimi, kwa hiyo mume na mke tunakaa hapa kama tunapigwa picha... nguo za sanamu zifuliwe kila wiki, Mama Secilia, alinionya Bwana Halfani, zifuliwe sana, zianikwe juani, zisibaki na harufu ya mtu hata kidogo, nami nilifua, Mungu ananiona, nilifua mtoni mpaka vidole vikanyauka, na bado mbung'o walimwendea, tangu siku ile ya kwanza walimwendea, wakatua mgongoni, wakatua kwenye kofia, wakamjaa kuliko mimi mwenye jasho, Telesfori akaacha kucheka, akawa anawadaka kwa wavu huku anatazama pembeni, mtu wa Ntobeye huyu, kwao hawapendi mambo yasiyoeleweka, ila Bwana Halfani alifurahi kama mtoto, na kweli ni mtoto tu, mtoto wa duka la vitambaa pale mjini nyuma ya boma, akasoma mpaka ng'ambo, umeona Mama Secilia, ni umbo, wanafuata umbo, nami nikanyamaza kwa sababu nilijua anakosea na nilitaka aendelee kukosea...

maana mbung'o hafuati umbo, wewe, mbung'o anafuata damu inayotembea, hilo sikulisoma popote, nililiona kwa ng'ombe wetu, tuliotoka nao Shinyanga tukaja tukapangwa kwenye kijiji hiki cha Ujamaa wakati wa operesheni, nyumba kwenye mstari na pori nyuma ya choo, wale ng'ombe walikonda, wakatoa machozi, wakalala, na ng'ombe akiwa bado anahema mbung'o walikuwa wamemwelemea tumboni, lakini pumzi ikikata wanaondoka, hapohapo, kama walioambiwa, unafika na kisu cha kuchunia hukuti hata mmoja, mzoga hawautaki... kwa hiyo walipomjaa Ndassa mimi nilisema moyoni yuko hai, popote alipo huko Uganda anapumua, na kila tukija porini nilikuwa nakuja kwa furaha, nakuja kumjulia hali mume wangu, wenzangu kijijini wanakwenda kuuliza kwa katibu kata wanaambiwa subirini, mimi nauliza wadudu na wadudu wananijibu, yupo, yupo, yupo...

na leo wanapita juu yake.

Wiki iliyopita walikuwa wachache, nikajisemea ni mvua, masika haya yamezidi, leo jua limewaka na hakuna hata mmoja, nimeogopa, nasema kweli, na huko kwenye Landrova dereva Habibu kafungua mlango na redio inaimba nyimbo za jeshi, Bwana Halfani anamwambia punguza, utafukuza wadudu, inapungua, inakoroma, mtu anasoma kitu kwa sauti nzito... Kampala, anapiga kelele Habibu, jamani Kampala imeshikwa, Nduli kakimbia, wallahi kakimbia, na mlango unapigwapigwa kama ngoma, Bwana Halfani naye kajisahau anacheka, anasema alhamdulilahi, halafu anakumbuka utafiti wake, shshsh, dakika chache tu zimebaki, na Telesfori ananiinamia na wavu wake, pumzi yake inanuka kahawa, shemeji umesikia, vita imekwisha, mwenye kiti chake anarudi, safari hii atakunywa mpaka atuimbie... nami siwezi kumjibu, chambo haongei, nashukuru chambo haongei, ningefungua mdomo ningelia, wote wanafurahi na wadudu wameshasema, wamepita juu yake, mzoga hawautaki...

Siku ile anaondoka lori lilikuwa limesimama mbele ya boma, Ndassa amekaa ukingoni kabisa, mikono juu ya mapaja vilevile, wenzake wanaimba yeye haimbi, yeye ametulia kama yuko kazini, nikamwambia shuka ukajisaidie, njia ndefu, akasema sibanwi, nikasema shuka, mbishi wewe, lori likaondoka, maneno ya mwisho kumwambia mume wangu ni mambo ya choo, na yeye hakushuka, hata hilo hakunisikiliza, Ndassa, ungenisikiliza siku moja ungekufa... hapana, sikusema hivyo, sikusema neno hilo, nafuta.

Mama, bibi analala na baba... Secilia aliniambia asubuhi moja wakati wa kunawa, nikamgombeza, nikamwambia huna adabu, baba yako yuko vitani, akasema tena analala naye, anamfunika, sikuuliza zaidi, nyumba yenye mtu vitani haiulizi maswali ya namna hiyo... ila ngoja, ngoja kwanza, yule mtoto si mwongo, alichokiona alikiona, na mimi ile sare nilikuwa naianika mchana na jioni siikuti kwenye kamba, nakuta mayu, bibi yake, ameshaianua, nasema asante mayu, ananisaidia na uzee wake, na alfajiri naikuta imekunjwa juu ya kinu, ina uvuguvugu, nikadhani ni wa moto wa jikoni... ina uvuguvugu! Mayu Nshoma, mama mkwe wangu, siku ile Ndassa anaondoka alisema nini, alikaa mlangoni na ugoro wake akasema nguo ya mtu aliye vitani isilale peke yake, mpaka aludi mwenyewe, kwao ndivyo walivyofanya kwa mume wake alipokwenda Burma, nami nikaitikia kama tunavyowaitikia wazee, nikaenda zangu kisimani... alikuwa analala nayo, bibi yule, ameilalia, ameivaa pengine, jasho lake na ugoro wake na samli anayojipaka miguu ikimuuma, naifua mchana na yeye anaijaza usiku, na mbung'o wa watu wanakuja kumtafuta ajuza wa Kisukuma ndani ya mwanawe wa majani, na msomi wa ng'ambo anaandika ni umbo, ni umbo...

na mayu aliondoka lini, si amekwenda Shinyanga kwa dada yake kabla mvua hazijakaza, na sare tangu hapo imelala peke yake kwenye kamba ya ndani, haina mtu, haina harufu, ndiyo maana, ndiyo maana basi, hawakusema amekufa, hawakusema lolote, wadudu wajinga hawamjui Ndassa wala Uganda, walikuwa wanamjua mama yake tu... nataka kucheka, kicheko kinanipanda mpaka mabega yanataka kutikisika, nakizuia, nitamwambia Bwana Halfani leo hii, wavu ukishafungwa tu, nitamwambia bwana, anza upya, utafiti wako ulilaliwa na mama mkwe, na Ndassa atakuja na lori lilelile, vita imekwisha, atakuja amekonda na mbishi vilevile, nitampikia, sitamwambia kwamba nilimzika kwa saa moja porini kwa sababu ya nzi... ah, moyo wangu, tulia, umepona...

huyu ametoka wapi?

Amelipita goti langu bila kulitazama, kaenda moja kwa moja, katua shingoni kwake, pale kola inapoachana na kofia, mabawa yamelaliana mgongoni, anainamisha kichwa, anatafuta, amepata, anadunga... majani, majani makavu, niliyakata mwenyewe, na mbung'o mwenye njaa tumbo lake ni bapa, nimemwona anakuja bapa, nimefanya kazi hii nawajua, tumbo lile linaanza kutuna, jua liko nyuma yake nami naona, linatuna polepole, linakuwa jekundu, linakuwa kama kunde iliyolowekwa, linaendelea... Telesfori hajamwona, wavu wake uko miguuni kwangu, Habibu anaimba, Bwana Halfani anatazama saa, na mimi niliyekuwa namwomba Mungu hata mmoja tu atue kwake, sasa ameshatua na namwomba aondoke, aache, maana kama damu yake iko hapa, kama amerudi akakaa kwenye kigoda chake hivi kimya bila kuniambia, basi kule Uganda kwenye lori atapanda nani... shemeji, ananong'ona Telesfori, usitikisike, kuna mmoja kwenye kisigino, bado kidogo tu, nami sitikisiki, wala yeye hatikisiki, tumekaa.